PUMU HII HATUKUZALIWA NAYO



Msimu wa tumbaku uliopita nilisimama nje ya lango la bohari moja huku Kanengo, Lilongwe, nikingoja wenzetu watoke zamu. Akatoka mama mmoja mzaliwa wa Kivu, mkazi wa kambi ya Dzaleka. Kazi yake ilikuwa kuchambua majani makavu. Alikuja akishika ukuta, kifua kinalia kama filimbi. Nikamwuliza, "Mama, hali hii imeanza lini?" Akajibu, "Ndugu, nilipoingia hapa nilikuwa mzima. Mwezi wa tatu wa kazi ndipo nilianza kukosa pumzi usiku. Jumapili napata nafuu." Alipomweleza mnyapara, aliambiwa: "Hiyo ni pumu, umezaliwa nayo huko kwenu. Usituletee hapa." Wiki ile ile jina lake halikuitwa tena.

Maneno hayo, "umezaliwa nayo", nimeyasikia mara nyingi. Leo yafaa tuyajibu, maana fidia yetu na kazi zetu zimefungwa ndani yake. Mimi si daktari, na masomo yangu yaliishia shule ya msingi. Lakini yale ambayo madaktari wamekwisha yathibitisha yanaweza kuelezwa kwa lugha yetu, na mfanyakazi akiyaelewa hatanyamazishwa kwa neno moja.

Jambo la kwanza: pumu si ugonjwa wa namna moja. Wataalamu wa siku hizi wanaona kuwa neno pumu ni kama neno homa, ndani yake mna maradhi kadhaa. Iko pumu inayoanza utotoni pamoja na mzio, yaani mwili kukataa vumbi la nyumbani, chavua au manyoya ya wanyama. Hiyo mara nyingi hufuata ukoo. Iko inayoanza ukubwani pasipo mzio wowote. Na iko inayoletwa na kazi. Katika zote njia za hewa huvimba na kubana, lakini chanzo si kimoja, na hata dawa inayomfaa huyu huenda isimfae yule.

Tena ukoo peke yake hauamui. Huko Uganda, utafiti juu ya watoto wa shule uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliozaliwa mjini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata pumu kuliko waliozaliwa kijijini. Mahali mtu anapoishi na hewa anayovuta vina neno lao.

Jambo la pili: kutabiri. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Katika mji wa Tucson, Marekani, watafiti walianza mwaka 1980 kuwafuatilia watoto tangu kuzaliwa. Taarifa yao ya mwaka 1995, iliyohusu watoto 826, ilionyesha kwamba katika waliolia kifua kabla ya miaka mitatu, karibu 6 kwa kila 10 walikuwa wameacha walipofika miaka sita. Baadaye, mwaka 2000, walitoa kanuni ya kubashiri: kama mzazi ana pumu, kama mtoto ana ukurutu wa mzio, na kadhalika. Kanuni hiyo inasaidia, lakini haimwambii mzazi kwa yakini kwamba huyu ataugua na yule atapona. Basi, ikiwa wataalamu waliomfuatilia mtoto miaka mingi wanasema kwa tahadhari, mnyapara anapata wapi ujasiri wa kumhukumu mtu mzima langoni kwa dakika moja?

Jambo la tatu ndilo letu hasa. Mwaka 2019 vyama vya madaktari wa mapafu vya Marekani na Ulaya vilipima tafiti nyingi na kukadiria kwamba katika pumu ya watu wazima, karibu sehemu 16 kwa kila 100 zinatokana na kazi. Shirika la Kazi Duniani limeitaja pumu katika orodha yake ya maradhi ya kazini iliyorekebishwa mwaka 2010. Wala si habari mpya. Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliandika mwaka 1700 juu ya wafanyakazi wanaoumizwa vifua na vumbi la unga na la tumbaku. Mwaka 1970 daktari mmoja wa Sri Lanka alieleza pumu ya watengeneza chai. Wenzetu wa Thyolo na Mulanje wasikie hilo. Huko Tanzania, utafiti katika viwanda vya kahawa uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha dalili za pumu zaidi kwa wafanya kazi wa kahawa kuliko kwa wafanyakazi wengine waliolinganishwa nao. Unga wa ngano katika matanuri ya mikate, vumbi la mbao, rangi ya kupuliza ya magari, dawa za kubadili rangi ya nywele: vyote vinajulikana.

Pumu ya namna hii haiji siku ya kwanza. Mtu huweza kufanya kazi miezi au hata miaka, ndipo mwili ukaanza kukataa. Ndiyo maana twadanganyika. Lakini mawingu yake yanaonekana. Jiulize maswali haya: Je, kifua kilianza baada ya kuingia kazi hii? Je, hupata nafuu siku za mapumziko au msimu unapokwisha, kisha kikarudi ukirudi kazini? Je, wenzako wa meza moja wanakohoa vilevile? Je, kabla ya kifua, pua na macho vilikuwa vikiwasha? Ukijibu ndiyo, nenda zahanati na useme kazi unayofanya, usingoje kuulizwa. Kiko kifaa kidogo cha kupulizia kinachopima nguvu ya pumzi. Mtu akikitumia mara nne kwa siku, wiki mbili hadi nne, siku za kazi na za mapumziko, daftari lake litasema kama kazi ndiyo inayombana. Na ukikohoa zaidi ya wiki mbili, pimwa kifua kikuu pia, maana maradhi haya mawili huchanganywa.

Kuwahi kuna faida kubwa. Tafiti zinaonyesha kwamba katika walioondolewa kabisa kwenye kitu kilichowadhuru, karibu theluthi moja tu hupona kabisa, na anayewahi ana bahati zaidi. Anayevumilia kwa kuogopa kufukuzwa anauza pumzi zake za uzeeni.

Sasa nataka kutoa onyo. Elimu ya kutabiri ni kisu chenye makali pande mbili. Mwajiri akisikia kwamba pumu inaweza kubashiriwa, atataka kutupima langoni: nani mama yake ana pumu, nani ana mzio, huyo arudi nyumbani. Hapo vumbi litabaki lilivyo, na watakaoingia wataugua kwa zamu yao. Msimamo wetu uwe huu: pima vumbi kwanza, usianze na ukoo wa mtu. Kilicho rahisi kutabiri ni kwamba bohari lisilo na madirisha wala mashine ya kuvuta vumbi litatoa wagonjwa.

Nirudi kwa yule mama. Malawi ina Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya mwaka 1997, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, ambayo inagusa maradhi ya kazi, si ajali tu. Lakini sheria inamtafuta mwenye jina katika daftari. Dzaleka, iliyokuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994, sasa ina watu zaidi ya 50,000, na mkimbizi hana ruhusa ya wazi ya kuajiriwa. Mwaka 2023 Serikali iliamuru waliokaa mijini warudi kambini. Kwa hiyo anayekuja Lilongwe kufanya ganyu huja kwa kujificha, na mtu aliyejificha hawezi kushitaki. Wenyeji wasidhani hilo haliwahusu. Mwajiri akipata mtu wa kuvuta vumbi bila kulalamika, hatanunua mashine ya kulivuta kwa ajili yako. Mapafu ya Mmalawi na ya Mkongo hayana pasipoti.

Tudai na tutende haya:

1. Vumbi lipunguzwe penye chanzo chake: mashine za kuvuta hewa, na kufagia kwa maji au kitambaa chenye unyevu, si kwa ufagio mkavu. Barakoa ije baada ya hayo, wala isiwe badala yake.

2. Kila kibarua, wa msimu au wa kutwa, aandikwe jina, tarehe na kazi aliyopewa.

3. Anayeanza kubanwa kifua ahamishiwe kazi nyingine kwa mshahara ule ule, asifukuzwe.

4. Kila tawi lifungue daftari la vifua: nani, meza ipi, tangu lini, Jumapili ikoje. Mmoja akisema ataitwa mzushi. Ishirini wakiandikwa ni ushahidi.

5. Zahanati ziwe na dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe, si pampu ya buluu peke yake. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema pampu ya kufungua kifua isitumike peke yake, kwa sababu inaleta nafuu ya saa chache na kuuacha ugonjwa ukiendelea ndani. Huko Blantyre jaribio lililohusu watoto 120, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba wahudumu wa afya wasio madaktari, wakifundishwa vizuri, huwapunguzia wagonjwa safari za dharura. Basi tusiambiwe haiwezekani.

Yule mama sasa yuko Dzaleka, anauza nyanya sokoni. Anasema kifua kimetulia mchana, bado usiku. Jina lake ndilo la kwanza katika daftari letu. La pili liwe la nani? Ndugu, kama kifua chako hupona Jumapili, njoo uandikishe.

Umoja ni nguvu.