Barazani kwa Mwalimu: Gari Lenye Pumzi



Wako waliotuuliza, baada ya swala ya Ijumaa hapa Mayfair, imekuwaje mwalimu mstaafu akanunua gari la turbo, tena la fowili, ilhali safari zake ni za msikitini, madukani Fordsburg na kwa wajukuu Lenasia. Swali ni la haki, na mwezi huu tunalijibu.

Gari lenyewe ni Subaru Forester XT ya mwaka 2014. Si saluni wala si gari la porini, bali lipo baina ya hayo mawili. Tulilinunua kwa mtu, kwa fedha taslimu, kwani mkopo wa riba hatukuutaka. Wageni wetu kutoka Mombasa na Dar es Salaam hushangaa kusikia kwamba hapa mtu haagizi gari lililotumika kutoka Japani kama afanyavyo kwao. Sheria ya Afrika Kusini huyazuia kwa jumla, ili kuvilinda viwanda vya magari vya nchini.

Sababu ya turbo ni hewa. Johannesburg iko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya kawaida, ivutayo hewa kwa pumzi zake yenyewe, hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu ilizokuwa nazo pwani. Saluni yetu ya zamani ilikuwa ikitweta katika kilima cha Northcliff kama mzee aliyepandishwa ghorofa ya tano. Turbo ni kijifeni kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nacho huishindilia injini hewa iliyoikosa. Basi injini hii ya lita mbili tu hutoa kilowati 177, yaani nguvu za farasi 240 hivi, na kilima hakiisumbui. Vijana wa Nairobi, ambao nao wanaishi juu kama sisi, wanalijua jambo hili kuliko mwalimu.

Gharama yake tuiseme bila kuficha. Mjini hunywa lita kumi na tatu kwa kila kilomita mia. Vituo vya huku huuza petroli ya 93 na ya 95. Nasi hujaza 95, kwani injini ya turbo haipati ile nafuu ambayo hewa nyepesi huzipa injini nyingine. Oili haicheleweshwi. Na tairi zote nne sharti ziwe zimelika sawa, la sivyo mitambo ya fowili huumia. Mwaka jana shimo moja la barabarani lilitupasulia tairi moja, tukanunua nne. Penshini ya mwalimu iliumia kuliko gari.

Sasa tusimulie lililotupata. Mwezi wa Januari, alfajiri, tulipigiwa simu kwamba mzee aliyetupokea tulipofika nchini humu amefariki Chatsworth, Durban, na atazikwa baada ya Adhuhuri. Alikuwa katika jamaa wanaoitwa Wazanzibari, vizazi vya watumwa walioachiwa huru na kuletwa Durban kuanzia mwaka 1873, ingawa wengi wao asili yao ni Wamakua wa Msumbiji. Ni mwendo wa kilomita 570. Tukaondoka.

Hadi Harrismith gari lilikwenda kama mshale. Katika mteremko wa Van Reenen kulikuwa na mvua na ukungu, na malori yakishuka taratibu kwa gia ndogo. Tukayapita moja, mbili, tatu. Kila tulipogusa mafuta gari liliitika, na gari linaloitika namna hiyo humfanya mtu asahau umri wake. Mara taa nyekundu zikawaka mbele. Tulikanyaga breki, usukani ukatetemeka, gari likateleza, likasimama hatua chache nyuma ya lori lililokwama. Fowili husaidia kuondoka penye utelezi. Katika kusimama, gari hili lina breki na tairi nne kama gari lolote.

Mwenzetu wa nyumbani alikaa kimya kidogo, kisha akauliza:

“Mwalimu, tunakwenda kuzika au kuzikwa?”

Hatukuwa na jibu. Kosa halikuwa la gari wala la mvua.

Tulifika jeneza likiwa limekwisha kutolewa nyumbani, tukaiwahi swala tukiwa safu ya mwisho. Tulitia mchanga wetu mkono mmoja kaburini, na mkono ulikuwa bado unatetemeka.

Kesho yake, wakati wa kurudi, tulilifuata lori moja kuanzia chini ya mlima hadi juu, na nguvu zetu zote za farasi zikinyamaza. Karibu na Harrismith tulipogeuka kumtazama mwenzetu, alikuwa amelala.