Kumaliza Chuo Si Kuagana

Wahenga walinena kwamba udugu ni kufaana, si kufanana. Msemo huu wawahusu sana waliosoma pamoja katika vyuo vya biashara. Siku ya kupokea vyeti hupeana mikono na kupiga picha, kisha kila mmoja hushika njia yake, wasikutane tena ila matangani. Cheti hutundikwa sebuleni, na wenzake wa darasa husahauliwa.

Yafaa ndugu wasomaji, hasa askari na jamaa zao, wautazame mfano wa darasa moja la Marekani. Mwaka 1949 chuo cha biashara cha Harvard kilitoa wahitimu ambao wengi wao walikuwa askari wa Vita Kuu ya Pili, na sheria ya mwaka 1944 ilikuwa imeiwezesha serikali kuwalipia karo waliorejea kutoka vitani. Miongoni mwao walikuwamo Thomas Murphy na James Burke, wote wawili waliopata kutumikia jeshi la majini.

Baada ya chuo, Burke aliingia katika kampuni ya Johnson & Johnson, ambayo hatimaye aliiongoza. Murphy alikabidhiwa kituo kidogo cha televisheni katika mji wa Albany, kilichokuwa na hali mbaya ya fedha. Kazi ziliwatenga, lakini urafiki haukukatika. Mwaka 1961, miaka 12 baada ya kuhitimu, Murphy alipohitaji mtu mwaminifu wa kumsaidia, alimpata Daniel, mdogo wake Burke. Wawili hao waliendesha kampuni ya Capital Cities kwa takriban miaka 30.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwenzake mwingine wa darasa hilo aliandaa chakula cha mchana mjini New York, na Murphy akaketi karibu na tajiri Warren Buffett. Hayo yalikuwa mazungumzo ya mezani tu. Hata hivyo, mwaka 1985, Murphy alipoazimia kulinunua shirika kubwa la televisheni la ABC kwa zaidi ya dola bilioni 3, Buffett ndiye aliyekubali kutia zaidi ya dola milioni 500. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa nini wenzi wa zamani wafae hivyo? Mwaka 1973 mwanazuoni Mark Granovetter alieleza uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kwa kupashwa habari na watu waliowajua. Katika kila 100, takriban 17 tu ndio waliokuwa wakionana mara nyingi na aliyewapa habari. Wengine wote walionana naye mara mojamoja, au kwa nadra. Sababu yake ni nyepesi: jirani yako husikia yale uyasikiayo wewe, lakini mwenzako aliye mbali husikia mengine.

Askari hulihitaji jambo hili kuliko raia wengi. Uhamisho humtoa kambi hadi kambi, na kustaafu humfikia angali na nguvu na watoto wa kusomesha. Aliyejisomea biashara, kisha akawapoteza wenzake wa darasa, atatoka kambini na cheti mkononi bila kumjua mtu sokoni.

Basi na alipe ada ya chama cha wahitimu, ahudhurie mkutano wa mwaka apatapo ruhusa, na kila ahamishwapo amjulishe katibu anwani yake mpya. Mwenzake akifiwa, atume rambirambi. Kijana aliyehitimu juzi akiomba ushauri, ampe. Mke naye asaidie kuhifadhi anwani na nambari za simu, kwani mara nyingi nyumbani ndipo salamu zipokelewapo.

Izingatiwe pia kwamba chama cha wahitimu si mlango wa upendeleo. Mwenzako aweza kukupasha habari ya kazi au kukujulisha kwa mwenye mtaji. Uwezo na uaminifu ni juu yako mwenyewe. Tena, abishaye hodi siku ya shida tu, baada ya kimya cha miaka 10, hupokewa kwa mashaka, na ni haki. Heri aanze leo, kwa salamu moja kwa mwenzake wa darasa ambaye hana haja naye yoyote.