Nsubuga, 43, na swali gumu kwa kriketi ya Kenya

Wasee wa Busia, Kombe la Dunia la kriketi lilikuwa hapo tu ng'ambo ya mpaka. Juni 2024, kule Guyana, Frank Nsubuga wa Uganda, mzee wa miaka 43, alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea, akatoa mikimbio 4 pekee na kuangusha wiketi 2. Uganda ikashinda. Kenya ilikuwa inacheki kwa simu.

Na si eti sisi hatukuwa na majembe. 2003 Collins Obuya aliangusha wiketi 5 za Sri Lanka hapo Nairobi, tukafika nusu fainali, na Warwickshire ya Uingereza ikamchukua. Lakini huku nyumbani? Ligi ilibaki ya klabu za Nairobi na Mombasa. Sasa kijana wa Nambale ama Matayos aanzie wapi, kwa boma?

Waganda walipeleka mchezo shuleni. Busoga College Mwiri, hapo karibu na Jinja, imetoa wachezaji miaka na miaka, na kuna wiki nzima ya kriketi ya shule. Huwezi dumu kama Nsubuga kama hakuna mechi za nyumbani.

Kutoka Busia, Jinja ni karibu kuliko Nairobi, tena sana. Mzazi mwenye akili ashaanza kupiga hesabu ya nauli.