Mboga Kavu Si Chakula cha Aibu

Katika mukutano wa kutayarisha kijitabu hiki, tulipopendekeza kuandika juu ya mboga za kukausha, wengine walicheka. Mwenzetu mumoja, mutu wa masomo makubwa, alisema waziwazi: "Ile njo chakula ya vita. Muandike juu ya mahari, muandike juu ya ngoma na majina ya watoto. Lakini majani makavu, eh, hapana!" Tulinyamaza kwa sababu ya umri wake. Lakini hatukukubali, na haya ndiyo majibu yetu.

Kwanza wanaleta hoja ya hali ya hewa. Wanasema Wazungu wanaweka mboga akiba kwa sababu kwao baridi inagandisha udongo, na jani haliote miezi mizima. Sisi tuko penye mustari wa Ekweta wenyewe (unapita kusini kidogo tu ya Butembo), mboga inaota mwaka wote, basi tukaushe nini? Anayesema hivyo, mara moja aende sokoni mwenyewe, asitume mutoto. Kwetu mvua inapunguka mara mbili kwa mwaka: mwezi wa kwanza na wa pili, kisha mwezi wa sita na wa saba. Mwezi wa tano lengalenga inajaa mpaka tunawapa mbuzi. Kufika mwisho wa mwezi wa saba, fungu la franga zilezile limekuwa dogo, unaweza kulifunga kwa vidole viwili. Na usiku wa miezi ile, hapa Butembo kwenye kimo kinachopita meta 1,700, ndugu zetu wanaopanda kutoka Beni wanajifunika blanketi mbili na kutucheka. Theluji hatuna, lakini majira ya kukosa mboga tunayo. Wasukuma wa Tanzania nao hawana theluji. Wanakata viazi vitamu na kuvianika, wanaviita michembe; majani ya kunde yaliyokaushwa wanayaita nsansa, na wanayala bila kuinamisha kichwa.

Hatutaki kudanganya musomaji: wazee wetu hawakukausha kila kitu. Walikausha maharagi, mahindi, mihogo, uyoga, mbegu za maboga, samaki na nyama, na majani pale yalipozidi. Lakini walikuwa na mahali pa kufanyia kazi hiyo. Nyumba ya kupikia ilikuwa na mafiga matatu, na juu ya mafiga utara. Moshi ulifanya kazi usiku na muchana bila kuomba mushahara. Kisha tulijenga nyumba za matofali na mabati, tukanunua babula na makala, na moshi ukatoka. Macho ya wamama yalipumua, na hakuna mutu mwenye akili anayetaka kuurudisha. Kosa letu ni kwamba tulipotoa moshi tulitoa na utara pia, kana kwamba utara hauwezi kusimama inje, penye upepo.

Bustani nayo imeenda. Nyuma ya nyumba za Butembo, pale mama alipokuwa akichuma lengalenga kabla ya maji kuchemka, leo kuna miti ya ekaliptusi ya kupasulia mbao, ao chumba cha kupangisha. Upande wa Beni ni hadithi ingine. Kahawa ya robusta iliharibiwa na ugonjwa wa kunyauka katika miaka ya 1990, na watu wakaingia katika kakao. Hatulaumu kakao, imesomesha watoto wengi, hata wa humu chamani. Lakini tumeona viwanja ambamo imefika mpaka mulangoni, na mwenye kiwanja anapanda pikipiki kwenda kununua majani ya kiazi. Kakao haipikwe na bugali.

Sasa tuje kwenye aibu, maana ndiyo mashina ya jambo lote. Samaki wa kukaushwa wa Kyavinyonge, kutoka ziwa Edward, akiletwa mezani, mugeni anajua ameheshimiwa. Makayabo anatoka bahari za mbali kabisa, amekauka kama ubao, amejaa chumvi, na harusi bila yeye watu wanainung'unikia. Samaki kavu ni heshima, jani kavu ni aibu: ni nani alitunga sheria hiyo? Mama yuleyule anayeficha kikapu chake cha mboga kavu wageni wakibisha hodi, hafiche kopo la tomati lililopita muji wa Kasindi kwa lori. Analiweka mezani, kopo lenyewe, lionekane. Na wakati huohuo nyanya za bustani zetu zinaoza sokoni mvua ikizidi, wauzaji wanazimwaga kando ya barabara. Waswahili wanasema akiba haiozi. Kwetu sisi inaoza, na tunaikanyaga.

Wasomi wenzetu wanapenda mifano ya ng'ambo, basi tuwape mumoja. Wakorea ya Kusini wana viwanda na friji kuliko sisi sote tukiwekwa pamoja. Walakini kila mwaka, kabla ya baridi, jamaa na majirani wanakusanyika kutia chumvi na pilipili kwenye mashu, kwa akiba ya baridi yote. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliandika desturi hiyo, kimjang, katika orodha ya urizi wa wanadamu. Mashu! Na milima ya Lubero inatoa mashu kwa malori. Hakuna profesa wa Korea aliyesimama kusema ile ni chakula ya vita.

Lakini tusikimbie neno la mwenzetu. Chakula ya vita: ndiyo, tunakubali. Na yeye anaishi wapi? Tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, shamba limekuwa mahali pa kufia. Wamama wametoka asubuhi kuchuma sombe na hawakurudi. Vijiji vizima vimelala miezi na mihogo imekomaa, hakuna wa kuing'oa. Kisha Ebola, iliyotangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu waliogopa soko, waliogopa hata mukono wa jirani. Tarehe 6 mwezi wa tano 2021 serikali ikaweka utawala wa kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mwezi wa sita 2024 Kanyabayonga ikaanguka mikononi mwa M23, na barabara ya kusini ambayo malori yetu yaliizoea ikawa habari nyingine. Miaka hii yote tumejifunza kuweka tayari begi la vitambulisho na diploma karibu na mulango. Lakini chakula kinachoweza kubebwa begani, kisichohitaji friji wala umeme, hicho tunakionea haya.

Familia moja kutoka upande wa Oicha ilifika kwa mumoja wetu, watu saba, na mizigo miwili. Katika mizigo ile kulikuwa mufuko wa majani makavu ya maharagi, mwepesi kama pamba. Mama wa nyumba, mwenyeji, alitaka kuusukuma pembeni na kutuma watu sokoni. Yule mugeni alimwambia, "Mama, tafadhali, tusije mikono mitupu." Majani yale yalitosha watu kumi na wawili kwa siku nne. Tuliyala na bugali ya mihogo. Tangu siku ile mumoja wetu hachekelei tena mukoba wa mutu yeyote.

Kuna pingamizi moja lenye akili: kwamba mboga kavu inafanya kuvu, inakuwa na mchanga, na inapoteza nguvu yake. Ni kweli, kama imekaushwa vibaya, kwenye bati chakavu kando ya barabara penye vumbi. Wapishi wetu wazuri hufanya hivi. Lengalenga inaoshwa, inatiwa katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, dakika mbili ao tatu tu, inakamuliwa, inatandazwa nyembamba juu ya kitambaa safi kwenye utara, kivulini penye upepo. Si juani: jua kali linaharibu vitamini A, ambayo watoto wanaihitaji kwa macho. Jioni inaingizwa ndani, maana umande wa Butembo unaharibu kazi ya siku nzima. Imekauka wakati inavunjika mukononi kama jani la tumbako. Vitamini C inapotea kwa sehemu kubwa. Basi matunda tule mabichi, hakuna anayekataza. Nyanya ni za kupasua, kutia chumvi na kuanika, na mutu asishangae: kilo 20 zinatoa kilo moja hivi, kwa sababu nyanya karibu yote ni maji. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana kama kawaida, kwa sababu kuikausha peke yake hakuondoe sumu yake yote. Na wale wanaotaka kuiga Wazungu kwa kufunga karoti na maharagi mabichi ndani ya chupa bila sufuria ya presha, tunawaomba waache: kuna kijidudu kinachopenda mahali pasipo hewa, na sumu yake inaua.

Kupika si kazi. Mboga inalowekwa katika maji ya vuguvugu, kisha inaingia nyunguni na litunguru, karanga za kutwanga, na mawese ya Beni. Milima inatoa jani, bonde linatoa mafuta. Hapo ndipo Butembo na Beni zinakutana bila hotuba ya mwanasiasa yeyote.

Kwa wababa wanaosema hii ni habari ya wamama: utara unajengwa kwa miti na misumari, na hatujasikia kwamba nyundo ni ya wamama. Kwa wanafunzi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa hapa Butembo mwaka 1989: tunawaomba wapime mboga hizi, waandike kazi zao za mwisho juu yake, ili siku nyingine tubishane kwa hesabu na si kwa kicheko. Na kwa kamati yetu: katika sikukuu ya chama, sufuria moja ya mboga kavu iwekwe katikati ya meza, karibu na makayabo, bila kifuniko.

Sisi tutaanika mwisho wa mwezi wa tano, lengalenga ingali rahisi na mvua ikianza kuchoka. Atakayekuja alete kisu na kitambaa safi. Mwenzetu aliyecheka naye amealikwa. Utara wake tumekwisha kuupima.