Mtoto si Mtego

Kaa kwa base yoyote Kawangware 56 ama Kibera pale Olympic, utaiskia: ati wasichana wa siku hizi wanazaa ndio walishwe. Inasemwa kama siri mpya ambayo wasee wa mtaa wameigundua. Wapi! Hayo maneno yana umri wa baba zetu.

Mwaka 1959, mkoloni akiwa bado hapa, Kenya ilipata sheria iliyoitwa Affiliation Act. Msichana aliyezalishwa nje ya ndoa angeweza kumpeleka mwanaume kortini atoe pesa za kumlea mtoto. Ilidumu miaka kumi tu. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Wabunge walilia kwamba wasichana wameifanya biashara, tena si desturi ya Kiafrika. Maendeleo ya Wanawake walipinga, lakini Bunge lile halikuwa na mwanamke hata mmoja wa kuchaguliwa. Grace Onyango wa Kisumu aliingia kwa uchaguzi wa mwisho wa mwaka huo. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Sheria ya Watoto ya 2001 nayo ikamwachia mama mzigo kama hawakuoana. Ni Katiba ya 2010, ibara ya 53, iliyosema wazi kwamba mama na baba wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Kutoka 1969, hiyo ni miaka 41.

Sasa niambie, nani anatajirika hapa? Mama wa Kawangware anamwacha mtoto kwa jirani, anatembea mpaka Lavington, anakaa kando ya barabara akingoja mtu wa kumpa nguo za kufua. Akitaka haki yake, aende kortini. Siku ya korti ni siku bila kufua, na siku bila kufua ni usiku bila unga. Kesi ikisongeshwa mbele, unga nao unasonga. Biashara gani hiyo?

Utasema kuna wanawake waongo. Sawa, korti inaweza kuagiza kipimo cha DNA. Utasema hauna kazi. Korti huangalia uwezo wa kila mzazi, haikudai usichonacho. Na kumpeleka mtoto shule asubuhi, kumfulia yunifomu, kukesha naye akiwa na homa, hivyo vyote havingoji mshahara.

Kinachonichoma zaidi ni hiki: baba huyohuyo akiwa mteja miaka ishirini, siku ya mahari mtandao unarudi. Anakaa mbele na wazee, anapewa mbuzi wake.

Basi tuache kuita matunzo msaada. Msaada unatoa ukipenda. Hili ni deni, na anayedai si "baby mama" wako. Ni mtoto, na hakukutega popote.