Depoziti ya tovuti si wizi, lakini iwe na kazi yake

Kuna swali linalotufikia karibu kila wiki. Maneno hubadilika, kilio ni kile kile: "Nilimtumia kijana fulani pesa anitengenezee tovuti, sasa hashiki simu. Mnaweza kunirudishia?" Jibu letu mara nyingi huumiza. Kurudisha muamala ni kwa mtu aliyekosea namba. Wewe hukukosea. Ulitaka kumlipa yeye, jina lake likatokea kwenye simu, ukaweka PIN, pesa ikafika. Yaliyoharibika ni makubaliano yenu, na hayo hatuwezi kuyatengua kutoka ofisini kwetu.

Wengi wakisikia kisa kama hicho hutoa ushauri mmoja: usitoe hata shilingi kabla hujaona kazi. Sisi tunaupinga ushauri huo. Tunaupinga tukiujua upande wa pili, kwa sababu wawili kati yetu tunaoandika hapa, kabla ya kuajiriwa, tuliendesha studio ndogo ya tovuti. Tuliwahi kuwa wale vijana wasioshika simu.

Studio lilikuwa neno kubwa. Ilikuwa chumba kimoja Roysambu, watu watatu, laptopu mbili na bando la intaneti lililoisha kila tarehe ishirini na kitu. Mteja wetu wa nne alikuwa mama mwenye duka la mapazia. Tukakubaliana 36,000, nusu mwanzo, nusu mwisho. Alituma 18,000 mwezi wa nane, kwa namba ya mwenzetu aliyeongea naye, maana hatukuwa na namba nyingine. Tulimwahidi tovuti mwezi wa kumi.

Ile 18,000 iliingia kwenye simu yenye pesa ya nauli, ya chakula, na deni la dukani pale chini. Kufikia Jumatatu ilikuwa imelipa kodi ya chumba na kumalizia kazi ya mteja wa tatu, ambaye pesa yake tulikuwa tumeshaila kitambo. Hakuna aliyekaa chini akapanga kumwibia mtu. Ila kazi ya huyu mama ikabaki kungojea depoziti ya mteja wa tano. Akipiga simu anauliza, "Vijana wangu, tovuti yangu imefika wapi?", tunaangaliana nani apokee. Tulimkabidhi mwisho wa Novemba.

Kwa hivyo tukisema depoziti ni haki, hatusemi kwa kuwatetea vijana wote wenye laptopu. Tunasema kwa sababu kuna gharama zinazokuja kabla mteja hajaona chochote: anwani ya tovuti hulipiwa mbele, nafasi ya kuihifadhi hulipiwa mbele, na siku za kuchora na kupanga kurasa haziwezi kurudishwa dukani kama mkate. Pia kuna wateja wanaopotea. Mtu anaagiza, anabadilisha rangi mara sita, halafu anasema mpwa wake amesomea kompyuta, atamfanyia bure. Studio ya watu watatu ikipata wateja wawili wa aina hiyo kwa mwezi mmoja, imefungwa.

Shida ya nusu kwa nusu ni kwamba nusu ya kwanza haina kazi iliyotajwa. Ni pesa ya "kuanza tu". Tungependa mteja na studio waachane na mtindo huo na kugawa malipo mara tatu, kila sehemu ikifungwa kwa kitu kinachoonekana. Ya kwanza, tuseme asilimia 40, ilipwe baada ya kuandikiana: kurasa ngapi, nani anatoa picha na maneno, tarehe gani. Ya pili, asilimia 30, ilipwe ukishaifungua tovuti kwenye simu yako mwenyewe, ikiwa bado kwenye anwani ya majaribio. Usikubali kuonyeshwa kwenye laptopu ya dizaina peke yake. Wateja wako watakuja kwa simu, na kuna tovuti zinazopendeza kwenye kioo kikubwa halafu kwenye simu maandishi yanapandana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Asilimia 30 ya mwisho ilipwe siku ya kukabidhiwa funguo zote, na funguo tutazieleza hivi punde.

Kwa nini mwisho iwe 30, isiwe 10 au 60? Ikiwa kidogo mno, dizaina akipata kazi nyingine nono anaisahau, na wewe unabaki na tovuti isiyo na ukurasa wa bei. Ikiwa kubwa mno, mteja ndiye anayeshika studio shingo: tovuti inafanya kazi, oda zinaingia, na kila akiulizwa salio anasema kuna kitu kidogo bado hakijakaa sawa. Tumeona yote mawili, na la pili si nadra vile wateja wanavyodhani.

Hapa tutasema jambo ambalo wenye maduka wanaotusoma huenda wasilipende. Kwenye studio yetu, kilichochelewesha kazi zaidi ya kitu kingine chochote, ukiondoa kula depoziti, ni wateja kutotoa vitu vyao. Tuliwahi kutumiwa nembo ya kampuni ikiwa ni picha ya kadi ya biashara iliyopigwa juu ya meza, kidole kikionekana pembeni. Picha za bidhaa zinakuja kwa WhatsApp zikiwa zimefifia. Bei hazijulikani hadi mshirika arudi safari. Kwa hivyo kwenye maandishi yenu wekeni na tarehe ya mteja: vitu visipofika ndani ya wiki mbili tangu kuombwa, malipo ya pili yanadaiwa hata kama kurasa ziko tupu. Ni haki. Dizaina alikutengea siku hizo akakataa kazi ya mtu mwingine.

Sasa njia ya kulipa. Tukiwa kampuni ya malipo mtatarajia tuseme studio iwe na till au paybill, na ndiyo, tunasema. Lakini sababu yetu kubwa ni ile simu ya Roysambu. Pesa ya kazi ikiingia mahali pake, hata studio changa inaona imebakiwa na nini cha mteja yupi. Kwa mteja, faida ni jina. Kabla hujathibitisha malipo, simu inakuonyesha unamlipa nani. Lilinganishe na jina lililo kwenye ankara. Yakitofautiana, simama uulize. Jibu linaweza kuwa la kawaida kabisa, kwamba biashara imesajiliwa kwa jina la mmoja wao, na basi waliandike hilo kwenye makubaliano. Ukilipa kwa paybill, weka namba ya ankara mahali pa namba ya akaunti, ndipo miezi sita baadaye muamala ujieleze wenyewe. Na ankara yenyewe uidai ikiwa ya eTIMS, kwa sababu bila hiyo KRA inaweza kukataa kuihesabu kama gharama ya biashara yako.

Ninyi wa studio nanyi, msianze kazi kwa picha ya ujumbe wa malipo mliyotumiwa na mteja. Ujumbe hughushiwa. Angalieni salio lenu wenyewe.

Turudi kwa zile funguo, maana hapa ndipo tulipomuumiza yule mama kwa kweli. Anwani ya tovuti yake, yenye kuishia na .co.ke, tuliisajili kwa barua pepe ya mwenzetu. Ilikuwa rahisi hivyo, dakika kumi na tano, bila kumsumbua mama. Anwani hizi za .ke husimamiwa na KeNIC na kuuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Msajili humkumbusha mwenye akaunti kulipia tena muda unapokaribia kuisha. Mwenye akaunti alikuwa mwenzetu. Mwaka uliofuata studio ilikuwa imevunjika, yeye ameondoka Nairobi na ile barua pepe hakuifungua tena. Novemba tovuti ya mapazia ikazimika. Anwani ilikuwa kwenye mifuko ya duka, kwenye risiti na ubavuni mwa gari la kupeleka mizigo. Ni msimu ambao watu hubadilisha mapazia kwa ajili ya Krismasi. Ilituchukua wiki tatu kumpata mwenzetu, kufungua akaunti na kuilipia. Muda wote huo mama hangeweza kufanya lolote yeye mwenyewe, kwa sababu kwenye rekodi zote anwani haikuwa yake.

Basi kabla hujatuma ile asilimia 30 ya mwisho, keti na dizaina, ingia mwenyewe kwenye akaunti ya msajili kwa barua pepe yako na nywila uliyoichagua wewe. Fanya hivyo hivyo kwa akaunti ya mahali tovuti inapohifadhiwa. Akisema atakutunzia asikusumbue, mshukuru, halafu ukatae. Anaweza kuwa mtu mwaminifu sana, kama sisi tulivyojiona.

Kama tovuti itapokea malipo, kuna funguo moja zaidi. Mteja wako akibonyeza kitufe cha kulipa, simu yake inapata ombi la kuweka PIN, na pesa inaenda kwenye till au paybill iliyounganishwa. Iwe ni ya kwako. Kuna madizaina ambao huweka yao kwanza kwa majaribio, kisha kwa haraka au kwa makusudi hawaibadilishi. Usibishane naye. Nunua kitu cha shilingi kumi kwenye tovuti yako mwenyewe na uangalie pesa imetua wapi na kwa jina la nani. Rudia hivyo kila mara mtu anapoigusa sehemu hiyo ya tovuti. Dizaina hahitaji PIN yako kwa lolote, hata akiwa ndugu yako.

Na mambo yakiharibika? Usianze kwa kumtangaza mtu Facebook. Mwandikie, mpe tarehe, taja malipo yaliyofanyika na kazi iliyobaki. Asipotikisika, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Huhitaji wakili kufika pale. Unachohitaji ni yale maandishi yenu, na jumbe za malipo zenye jina na namba ya ankara. Njia hiyo iko wazi kwa studio inayodai salio pia.

Yule mama hakutupeleka popote. Alituita dukani, akatupa viti, akatufungulia daftari la oda na kutuonyesha kurasa za wiki zile tatu. Tukakubaliana kumrudishia 18,000 kwa miezi minne, kutoka kwa mishahara yetu ya kwanza. Kila mwisho wa mwezi tulituma, na kila mara alijibu neno moja, "Imefika." Mwezi wa nne aliongeza kwamba amepata studio nyingine huko Ngara, na kwamba jambo la kwanza alilowauliza ni namba yao ya till.