Moyo au Ini?

Ewe msomaji, bila shaka umepata kuusikia mzaha huu, hasa ukiwa mkaaji wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambako watoto wa lugha kumi huteka maji katika mfereji mmoja. Mtoto wa Kijaluo huwaeleza wenzake kwamba kwao chuny ni ini, lile lile liuzwalo buchani, na tena chuny ndiyo ifurahiyo na kuhuzunika ndani ya mtu. Hapo wenzake huangua kicheko: "Kumbe nyinyi hupenda kwa ini!"

Nasema kicheko hicho ni cha ujinga, hata kama achekaye amezaliwa Shauri Moyo, mtaa uliobeba moyo katika jina lake.

Achekaye na ajichunguze kwanza. Mswahili aliyechomwa na maneno makali husema amekatwa maini, wala hakuna amkimbizaye hospitali. Washairi wa pwani huuita moyo mtima. Vuka mpaka uende Buganda: huko omutima ndio moyo upigao kifuani, na omwoyo, ndugu wa moyo wetu sisi, umekuwa roho. Maneno ni yale yale ya Kibantu. Yamehama vyumba tu. Waindonesia nao wana neno hati, ambalo ni ini, na pia ni moyo wa mwenye kupenda. Waajemi humwita kipenzi jigar, yaani ini. Je, hao wote tuwacheke?

"Lakini sayansi," utaniambia, "imethibitisha kuwa ni moyo." Imethibitisha nini? Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, na waganga wa Ulaya wakamsadiki kwa karibu miaka 1,400. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapa kitabu kilichoonyesha kwamba moyo huisukuma damu ikazunguka mwilini. Moyo ni pampu, ewe kijana! Hakusema kuwa ni kiti cha mapenzi. Harvey hakumpokonya Mjaluo kitu ambacho hakumpokonya na Mswahili. Katika mtihani wa biolojia andika moyo, upate alama zako. Huko mferejini hakuna mtihani.

Nimewaona waliochekwa hivyo. Siku ya pili huulizwa neno jingine la kwao, nao hujibu kwamba hawalijui.